Saa Iliyouzwa Mchana wa Jumanne

Kiwandani walimwita Bei Chee, na jina lilimkaa. Alikuwa mkata karatasi kwenye kiwanda cha uchapaji, mwenye mke na watoto wawili, lakini kwa mavazi ungedhani ni mtoto wa waziri: viatu vya Italia, mkoba wa ngozi halisi, miwani ambayo dukani ingemeza mishahara yake miwili. Vyote alivinasa kwenye minada ya mtandaoni. Alikuwa na mbinu zake. Alitafuta wauzaji waliokosea kuandika jina la kampuni, maana wanunuzi wengine hawangewaona. Alipenda picha mbovu. Zaidi ya yote, alipenda mnada unaofungwa mchana wa siku ya kazi, watu wakiwa wameinamia shughuli zao.

Mnada wa saa moja ya mkononi, ya dhahabu, ulifungwa Jumanne saa saba mchana. Dau la Bei Chee lilikuwa la pili na la mwisho. Aliipata kwa bei ya redio.

Mwuzaji alitaka aifuate mwenyewe. Ilikuwa nyumba ya ghorofa ya tatu, juu ya duka la rangi. Mlango ulifunguka kidogo, mnyororo ukiwa bado umefungwa. Mwanamke aliyechungulia alikuwa na bendeji mkononi, na shingoni alama nne za vidole, zimevilia damu.

"Mkanda umechakaa, mama," Bei Chee akasema kwa mazoea tu. "Nipunguzie kidogo."

"Toa ulicho nacho, kaka. Ila usimwambie mtu umeitoa hapa. Hapa ni kwa dada yangu."

Alishuka ngazi akipiga mluzi. Alama zile aliziona. Hakuuliza.

Alhamisi aliivaa kazini, na wakati wa chai akaivua ili wenzake waipitishe mkono kwa mkono. Ikafika kwa msimamizi wa zamu, mtu wa miraba minne, ambaye kwa wiki mbili alikuwa akisema mkewe amekwenda kumuuguza mama yake. Msimamizi akaigeuza. Nyuma kulikuwa na herufi mbili zilizochongwa.

"Nani amekuuzia?"

"Mtandaoni, bosi. Bei ya bure kabisa!"

"Nimekuuliza nani."

Kabla Bei Chee hajafumbua mdomo, ngumi ilimkuta hapo hapo. Alianguka juu ya marobota ya karatasi, jino likamkaa ulimini kama kokoto. Msimamizi akamkanyaga mbavu, mara moja, mara mbili, kisha akamwinua kwa ukosi wa shati.

"Hii saa ni yangu! Mke wangu yuko wapi?"

Hapo ndipo Bei Chee alipozitambua zile alama za shingoni. Akautazama mkono uliokuwa umemshika ukosi, akaona vidole vyenyewe.

"Ilikuja kwa posta," akasema, akitema damu.

"Mwongo!"

Akamburuta hadi kwenye mashine ya kukatia karatasi, akamlaza kifua mezani na kuusukuma mkono wake wa kushoto chini ya chuma kinachobana karatasi zisisogee. Kisu chenyewe kilihitaji vitufe viwili vibonyezwe kwa mikono yote miwili, na msimamizi hakuwa na mkono wa ziada. Lakini chuma cha kubania kilitaka mguu tu. Akakanyaga pedali.

Bei Chee alipiga yowe lililosikika mpaka ofisini. Wanaume kumi walikuwa wamesimama na vikombe vyao, wameganda.

"Nyumba gani?"

"Posta, bosi! Posta!"

Msimamizi akakanyaga tena. Kitu kikavunjika ndani ya mkono kwa mlio wa kijiti kikavu. Kupitia maumivu yale Bei Chee alikuwa akijisikia mwenyewe, pale mlangoni, akimwomba mwanamke yule ampunguzie. Aibu ile ilimfunga mdomo kuliko ushujaa wowote.

Aliyemwokoa ni mama wa kujalidi vitabu, mfupi, amebakiza miezi michache astaafu. Alikuja na nyundo yake ya mbao, akampiga msimamizi kisogoni. Msimamizi akageuka, akamchapa kofi lililomtupa chini. Kumwona mama yule sakafuni ndiko kulikowazindua wale kumi. Walimrukia wote, wakamlaza, wakamfunga kwa kamba za kufungia marobota.

Hospitalini mkewe Bei Chee alikaa kando ya kitanda chake, analia na kufoka kwa pamoja.

"Si ungemtajia tu! Mwanamke humjui hata jina, unamfia?"

"Angekwenda kummaliza," akajibu. Mdomo ulikuwa umevimba, maneno yakatoka nusu nusu. Kisha akamwelekeza mkewe ile nyumba, yeye peke yake, ili ampelekee mwanamke yule na dada yake habari za kukamatwa kwa msimamizi.

Mkewe alikwenda akiwa bado amenuna. Alirudi amebadilika, akasema tu, "Nimemwona," na kuanza kumlisha uji kwa kijiko.

Vidole viwili vya Bei Chee vilikatwa na madaktari. Mahakamani mwanamke yule alisimama kizimbani kwa saa nzima, akasimulia miaka tisa ya kipigo, sauti ikikatika na kuanza upya. Msimamizi alipata kifungo cha miaka saba. Walipotoka nje, mwanamke alimwendea Bei Chee, akasimama mbele yake. Bei Chee naye alikuwa ameinamisha kichwa. Mkewe ndiye aliyemshika mkono mwanamke yule, wakashuka ngazi pamoja taratibu, naye akafuata nyuma.