Mikanda ya Belo

Mvua ilipofurisha bonde la Jangwani wateja wa soko la Mchikichini walikatika, na Zamda akafunga meza yake ya mitumba saa nne asubuhi. Isingenyesha siku ile, angeendelea kudanganywa mpaka amzike mama yake. Alifika nyumbani Kariakoo bila kupiga simu, akamkuta mama yake, Bi Zulekha, juu ya godoro lililolowa mkojo, mkono wa kushoto umefungwa kwenye ubavu wa kitanda. Husna, aliyeachiwa kumuuguza, yuko uani, anasukwa nywele.

Kiharusi kilishachukua mkono wa kulia na ulimi. Ule wa kushoto ndio pekee aliobakiwa nao mama wa watu, na ndio uliofungwa.

Umefungwa kwa mkanda wa plastiki wa kukazia belo la nguo. Zamda aliujua, maana kila alipofungua belo alirudi na mikanda ile nyumbani, ya kuanikia nguo. Alipoukata na kupandisha mkono wa gauni, aliona kidonda kibichi juu ya makovu ya zamani. Na yeye, mjinga wa mwisho, alikuwa akiambiwa na Husna kila siku kwamba wazee husikia baridi ndiyo maana mama havuliwi gauni la mikono mirefu. Akaamini, na joto hili la Dar!

Husna alijitetea kwamba alimfunga asije akaanguka. Huyu alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Bi Zulekha, aliyelelewa na Bi Zulekha huyo huyo tangu ana miaka miwili. Asante ya punda ni mateke, lakini punda hata kamba hajui kufunga.

Jioni ile Mjomba Mbaruku, kaka yake Bi Zulekha, aliita kikao sebuleni. Funika kombe mwanaharamu apite, ndiyo ilikuwa hoja yake yote. Husna ni damu yao, akipelekwa polisi ukoo mzima utavuliwa nguo. Akamwamuru apige magoti kwa mama yake mdogo aombe radhi. Husna akapiga magoti, akaomba, akalia. Bi Zulekha alimtazama tu.

"Kimya cha dada yangu ni ridhaa," akasema Mjomba. "Hata bibi harusi tukimuuliza akanyamaza, tunaozesha."

Zamda aliinuka kumjibu. Bibi harusi hunyamazishwa na haya, mama yake amenyamazishwa na maradhi! Kabla hajafungua kinywa, Bi Zulekha akainua mkono wa kushoto. Husna akainamisha kichwa upesi ili aguswe.

Mkono ulimpita. Ulipanda polepole hadi mdomoni kwa mwenyewe, na bibi yule akaing'ata ncha ya mkono wa gauni kwa meno yake machache, akaivuta mpaka kidonda chote kikawa nje. Kisha akaunyoosha mkono mbele ya uso wa kaka yake. Mjomba akatazama mkeka.

Asubuhi Zamda na mama yake walikuwa polisi, kwenye dawati la jinsia. Askari aliyewapokea, Severa, aliwajazia fomu ya PF3 ya kwenda hospitali. Akawaeleza kwamba kumjeruhi mtu ni jinai, haifutwi na kikao cha sebuleni, na kwamba mahakamani asiyeweza kusema hutoa ushahidi kwa ishara. Husna ataitwa kujibu.

"Alifungwa kwa kitu gani?"

Zamda akautoa mkanda mkobani.

"Na hiki kiliingiaje ndani?"

Angeweza kusema hajui. Hakuna ambaye angembishia.

"Niliuleta mimi, afande. Andika hivyo hivyo. Nilikuwa nalala nyumba moja na kidonda kile, sikuwahi kupandisha gauni nikatazama."

Severa akaandika. Zamda alikuwa ameinamisha kichwa kwenye benchi, akahisi kitu chepesi kimetua juu ya utosi wake. Ulikuwa mkono wa kushoto wa mama yake, umetulia pale kama anavyowekewa mtoto aliyesamehewa.

Akaushusha taratibu.

"Subiri, mama," alisema. "Hatujamaliza kuandika."