Askari Mmoja Mmoja

Fundi saa hakuwa mtu wa makelele, ila siku aliyowekewa sahani ya maharage makavu na kuambiwa ayaokote moja moja kwa mkono wa kulia, alifoka mpaka jirani akafungua dirisha.

"Mimi si kuku! Miaka thelathini na minne nimeshika skrubu ambazo wewe huwezi hata kuziona, leo unaniambia nidonoe maharage?"

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mpole aliyetumwa na hospitali, aliokota maharage yake sakafuni akaaga. Wiki sita zilikuwa zimepita tangu kiharusi kimkute fundi kazini. Mdomo ulikwisha rudi mahali pake, mguu nao ukarudi, na ulimi ukarudi na ukali wake wote. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Vidole vyote vitano vilikuwepo, lakini ukivituma havitumiki.

Kule dukani, juu ya meza, chini ya bilauri iliyopinduliwa kuzuia vumbi, ilibaki saa ya mkono iliyo wazi. Ilikuwa ya mwokaji mikate wa mtaa wa pili, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Zilibaki skrubu tatu tu fundi aifunge, ndipo kiharusi kikamkuta na kibano kikamponyoka. Watu walimshauri mwokaji aipeleke kwa fundi mwingine, akakataa. "Nitamsubiri aliyeifungua," alisema. Maneno hayo yalimkaa fundi rohoni. Alikwisha mwambia mkewe kwamba asipoweza kuifunga saa ile kwa mkono wake, na duka atalifunga moja kwa moja.

Mkewe, ambaye nusu ya mji ilimwita Mwalimu kwa kuwa nusu ya mji aliifundisha yeye darasa la kwanza, hakubishana naye. Alipanda kiti, akashusha kutoka juu ya kabati sanduku lililochakaa pembe. Ulikuwa mchezo ambao watoto wao waliuacha walipohama: ubao wenye ramani ya nchi arobaini za kubuni, dadu, na askari wa plastiki wadogo kama punje za mahindi. Kazi ni kuteka nchi za mwenzako mpaka asiwe na pa kusimama.

"Cheza na mimi," Mwalimu alisema. "Kwani una kazi gani?"

Hilo lilimchoma, lakini alivuta kiti.

"Ukimaliza kushambulia," Mwalimu alieleza, "unaruhusiwa kuhamisha askari wakalinde mpaka mwingine. Hapo ndipo kuna sheria ya hiari, na mimi naitaka. Askari anahama peke yake, na kila nchi anayopita lazima aikanyage. Hakuna kuzoa jeshi kwa kiganja. Dadu ni mkono wa kushoto, askari ni mkono wa kulia."

"Imeandikwa hivyo?"

"Anayesoma katika nyumba hii ni nani, mimi au wewe?"

Fundi aliheshimu maandishi ya kiwanda kuliko kitu chochote. Kitabu kikisema geuza mara mbili na nusu, hageuzi mara tatu hata umpige. Na kusoma nyumbani mle ilikuwa kazi ya Mwalimu, kama kutia saa ya ukutani ufunguo ilivyokuwa kazi yake yeye. Hakuomba kukiona kijitabu cha sheria.

Wakawa wanacheza kila alasiri Mwalimu akitoka shuleni. Mchezaji wa tatu alikuwa Shemeji Kinyozi, mdogo wake Mwalimu, aliyeshindwa kila siku na kucheka kila siku. Wiki za mwanzo zilikuwa balaa tupu. Askari wa fundi walianguka, walibiringika chini ya kabati, na mmoja alizama kwenye chai ya Shemeji. Fundi alitoka kijasho chembamba kwa kumvusha askari mmoja kwenye mpaka mmoja.

Kilichomkera zaidi ni ujanja wa mkewe. Akirundika askari thelathini mashariki, Mwalimu anamvamia magharibi. Akiwahamishia magharibi, nchi sita njiani, askari mmoja mmoja, mwanamke yule anatokea mashariki.

"Huyu dada yako ana roho mbaya," alimwambia Shemeji.

"Tangu utotoni," Shemeji alijibu huku akisimama. "Acha nikanyoe vichwa viwili. Nikirudi utakuwa umefika nchi ya pili."

Fundi hakukubali kushindwa. Alilala akipanga vita, akaamka akipanga vita. Miezi mitatu ikakatika hivyo, na saa ya mwokaji ikabaki chini ya bilauri yake. Hakuthubutu hata kwenda kuitazama.

Jumamosi moja mchana askari wake mmoja alipotea. Mwalimu alikuwa upande wa pili wa meza akisahihisha madaftari, Shemeji yuko mlangoni akivua viatu. Fundi akainua karatasi ngumu ya chini ya sanduku, na chini yake akakuta kijitabu cha sheria. Akavaa miwani, akakisoma chote, kama anavyosoma vitabu vya viwanda.

Uso wake ulibadilika. Sheria za hiari za kuhamisha askari zilikuwa tatu. Ya kwanza, unahamisha mara moja, kwenda nchi ya jirani tu. Ya pili, unahamisha mara moja, lakini unaweza kwenda mbali upendavyo ilimradi nchi zako zimeungana. Ya tatu, unahamisha mara nyingi utakavyo. Na zote zilisema jeshi linahama kwa pamoja. Habari ya mmoja mmoja haikuwepo. Habari ya mkono wa kulia ndiyo kabisa.

"Miezi mitatu!" alinguruma. "Miezi mitatu mnanilia njama ndani ya nyumba yangu! Sheria hii umeitunga wewe!"

Shemeji aliona afadhali atazame dari. Mwalimu alimaliza daftari alilokuwa nalo, akalifunga.

"Nimeitunga," alisema. "Hebu angalia umekishikaje hicho kijitabu."

Fundi akatazama. Ukurasa mwembamba, wa karatasi ile inayogandana, ulikuwa umebanwa kati ya kidole gumba na cha shahada. Vya mkono wa kulia. Kurasa kumi na mbili alikuwa amezifungua zote, mmoja baada ya mwingine, wala hakujua.

Akakiweka kijitabu mezani. "Si ungeniambia?"

"Ningekwambia ungefanya? Maharage uliyafanyaje?" Mwalimu alivua miwani. "Mtoto wa darasa la kwanza ukimwambia leo tunafunza vidole, anakaza mpaka penseli inakatika. Mimi huwaambia wachore mvua. Wanajaza ukurasa mzima, na mkono unalainika wenyewe."

Fundi aliwafikiria askari wale wote, na nchi zile zote sita sita. Akakumbuka pia madaftari ambayo Mwalimu aliyaweka kando kila alasiri ili amvamie mumewe, akavumilia kuitwa mwenye roho mbaya. Aliona haya, na chini ya haya ile akasikia shukrani imemjaa.

Jumatatu alifungua duka. Alifuta vumbi, akaweka lenzi jichoni, akainua bilauri. Skrubu ya kwanza ilimponyoka mara mbili. Ya pili ilimponyoka mara moja. Ya tatu ilikwenda mahali pake kama askari anayekanyaga nchi ya mwisho. Mwokaji alikuja na unga mikononi, akaiweka saa sikioni, akaisikiliza.

Alasiri ile Mwalimu alirudi akakuta ubao umekwisha pangwa na Shemeji ameketi akitazama dari tena. Mbele ya kiti cha Mwalimu kilikuwepo kijitabu, kimefunguliwa penye sheria za hiari. Chini ya ile ya tatu mtu alikuwa ameandika kwa penseli, kwa herufi kubwa zilizopinda huku na huku:

SHERIA YA NNE. ASKARI MMOJA MMOJA. MKONO WA KULIA. ASANTE MKE WANGU.

Mwalimu aliusoma mstari ule mara mbili. Akafungua mkoba, akatoa kalamu nyekundu, akamwekea alama kubwa ya vema.

Fundi, mwenye mvi kichwa kizima, aliitazama alama yake akalia, wala hakugeukia ukutani.

"Haya, rusha dadu," Mwalimu alisema, akimsogezea ubao. "Mkono wowote."