Nafasi Niliyompa Albert

Watu wa Burungu hupenda kunisifu kwamba nilikuwa askari mpole. Huwa nawaacha waseme. Sikuwa mpole hata kidogo. Nilikuwa mtu aliyevaa nguo isiyokuwa yake, na mtu wa namna hiyo hana hamu ya kupiga wenzake. Mimi nilitaka ndege. Nasema hivyo bila aibu, maana umri wangu wa kuona aibu umeshapita.

Mwaka 1950 nilimaliza shule ya misheni, nikateremka kutoka milima yetu ya Masisi hadi Walikale, msituni, kutafuta kazi katika kampuni moja ya madini. Kampuni ile ilikuwa na uwanja wake wa ndege. Nauita uwanja kwa heshima tu. Ulikuwa ukanda wa udongo mwekundu uliokatwa kati ya miti mirefu, na ukimaliza kufyeka majani upande huu, ya upande ule yameshakufika magotini. Kila Jumanne ilitua ndege ndogo ya injini mbili. Ilileta barua, dawa na Wazungu, ikaondoka na Wazungu wengine.

Fundi wa pale alikuwa Mbelgiji mnene tuliyemwita Bwana Moshi kwa sababu ya kiko chake, ambacho alilazimika kukiacha mbali kila alipokaribia mapipa ya petroli, na jambo hilo lilimharibia siku. Alitaka vijana wawili wanaojua kusoma. Alinichukua mimi, akamchukua na Albert.

Albert alitoka kijiji kimoja karibu na Pinga. Baba yake alikuwa mwindaji na alikuwa ameshafariki, naye akabaki mtoto pekee wa mama yake, Mama Valérie. Hakuwa mtu wa maneno. Sisi tulipokuwa tunabishana kama ndege itakuja ama haitakuja kwa sababu ya mawingu, yeye alikuwa ameshaisikia, ameshasimama, anafukuza mbuzi uwanjani.

Kazi yetu kubwa ilikuwa petroli. Katika msitu ule maji huingia kila mahali, hata ndani ya pipa lililofungwa, na maji yakiingia kwenye injini ndege inazima hewani. Kwa hiyo kila tone lilipita kwenye ngozi laini iliyotandazwa juu ya faneli. Petroli hupenya, maji hubaki juu ya ngozi, nawe unayamwaga pembeni. Ni kazi ya pole pole, na wengi wangechoka nayo. Mimi niliipenda mpaka nikawa naiota. Nilijifunza majina ya vyuma vyote vya injini kwa Kifaransa, nikawa nayasema njiani peke yangu, watu wakadhani nasali. Bwana Moshi aliponiruhusu mara ya kwanza kushika bisibisi na kufungua kifuniko cha injini, nilifurahi kuliko siku ya komunyo yangu ya kwanza.

Mwaka wa pili niliumwa na nyoka nikifyeka majani. Albert alinibeba mgongoni nusu siku nzima hadi kwa mganga wa dispansari, mvua ikitunyeshea. Nilipopona, tukachanjana.

Padri alikuwa amekataza mambo hayo, kwa hiyo hatukumuuliza. Tulikatana kidogo tumboni kwa wembe, tukapaka damu kwenye ndizi, kila mmoja akala ya mwenzake. Kwetu Masisi na kwao Walikale sheria ya chale ni ileile. Ndugu wa chale haumpigi, wala jamaa yake. Haumdanganyi. Akikupa kitu, haukikatai, maana ukikikataa umekataa damu yake. Na kubwa kuliko zote: haumwachi aombe. Ukiona ana haja, unatoa kabla hajafungua mdomo. Akishaomba, umeshamwaibisha.

Ni sheria nzuri. Imelea watu wengi, na sisi ikatumaliza.

Noeli ya mwaka ule nilimpeleka Albert kwetu Burungu. Papa yangu, mzee Kanyamibwa, alimchinjia kondoo. Mgongo wa Papa ulikuwa na alama za kiboko alichopigwa na kapita, msimamizi wa kazi za lazima, siku aliyochelewa kazi ya barabara, na jioni ile, pombe ya ndizi ilipomfungua ulimi, alimwonyesha Albert alama zile moja moja.

"Mutoto wangu," alimwambia, "uniombee kwa Mungu Théogène akuwe polisi. Papa ya polisi hawamuite ku barabara. Hata kapita anamuamkia!"

Albert aliitika kwa kichwa. Mimi nilicheka. Sikumwambia Papa kwamba kofia nyekundu ya polisi hainivutii, wala sikumwambia Albert njiani tulipokuwa tunarudi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilidhani naficha kwa adabu.

Miezi michache baadaye, mwaka 1952, Bwana Moshi alituita. Alikuwa ameshika karatasi mbili.

"Kampuni inapunguza watu," alisema. "Léopoldville, kule shule ya mafundi ya ndege, banataka mutu moja. Administrateur naye anataka mutu moja wa polisi mwenye kujua kuandika. Nyinyi iko wawili. Mupange nyinyi wenyewe. Siku ya poshi munipatie majina."

Poshi, yaani mgawo wa chakula cha wiki, ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa na siku nne.

Siku hizo nne nazikumbuka kuliko mwaka wowote wa maisha yangu. Hakuna aliyesema neno. Mimi nilikuwa namwangalia Albert nijue haja yake, na sasa najua kwamba yeye alikuwa ananiangalia mimi vilevile, kama mbuzi wawili waliokutana kwenye daraja la gogo. Alhamisi nilimkuta amesimama chini ya ndege, iliyokuwa imechelewa kuondoka kwa sababu ya mvua. Alikuwa anafuta bawa kwa kitambaa. Bawa lilikuwa safi, lakini aliendelea kulifuta taratibu, hakunisikia nikimkaribia. Nikajiambia: basi, anaitaka. Anaitaka na hatasema.

Usiulize kama niliumia. Niliumia. Nilikwenda nyuma ya mapipa nikakaa chini kwa muda. Kisha nikakumbuka mgongo wake chini ya tumbo langu, siku ya nyoka, na mvua ile.

Ijumaa tulikwenda kuoga mtoni Lowa. Nilisema haraka, nisije nikabadilisha mawazo.

"Kaka, ndege ni yako. Miye nitaenda polisi. Papa atafurahi."

Albert alikuwa na sabuni usoni. Alijimwagia maji mara mbili.

"Weye njo umesema?"

"Njo nimesema."

"Basi aksanti, kaka," alisema. "Papa Kanyamibwa atafurahi kweli."

Nikajiona mtakatifu. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo kuliko yote: kwamba nilipanda kutoka mtoni nikijisifu moyoni, nikijiona mtu mkubwa aliyetoa kitu kikubwa. Laiti ningekuwa mchoyo siku ile!

Albert akaondoka na ndege ya Jumanne. Mimi nikavaa kofia nyekundu. Papa hakuitwa tena barabarani, na kapita alimwamkia kwa mikono miwili, naye akatembea Burungu nzima kama aliyeoa upya. Hilo silijutii. Lakini mimi mwenyewe nilijifunza kung'arisha vifungo, kupiga saluti, kusindikiza wafungwa na kuandika majina ya watu ambao hawakulima pamba yao ya lazima. Miaka miwili nilikuwa Masisi, kisha wakanihamishia Walikale. Kila Jumanne ndege ilipopita juu nilisimama. Sajini aliniuliza kama nina ugonjwa wa shingo.

Albert aliandika barua mara mbili kutoka Léopoldville. Barua ya pili ilikuwa fupi: anafanya kazi, kichwa kinamuuma kwa kelele za injini, na "Mama iko peke yake kule Pinga, kaka, unisalimie yeye." Niliisoma, nikasema nitakwenda nikipata ruhusa. Ruhusa nilipata, nikaenda kwetu Burungu kula nyama. Ndugu wa chale alikuwa ameshaomba, nami sikuona hata aibu.

Mwaka 1955 sajini alinituma nimsindikize karani mmoja hadi vijiji vya upande wa Pinga, kutekeleza hukumu ya baraza la kule. Ilikuwa safari ya miguu ya siku tatu. Njiani karani alinieleza kesi yenyewe: mjane alikataa kurithiwa na ndugu wa marehemu mume wake, akisema yeye ni Mkristo na hawezi kuwa mke wa pili. Baraza likasema, sawa, kama hataki ukoo, basi nyumba na migomba virudi kwa ukoo. Nilisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za hali ya hewa. Sikuuliza jina.

Tulifika asubuhi ya siku ya nne. Shemeji yake yule mjane, Léopold, mwanamume mwenye tumbo na fimbo, alikuwa anatungoja mlangoni, mikono kifuani. Mwanamke alitoka ndani akifuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa na macho ya Albert. Karani akasoma: "Mjane Valérie..."

Aliniangalia mimi, si karani. Hatukuwahi kuonana, lakini Albert alikuwa amemweleza kovu langu la mguuni, la yule nyoka, na kaptula ya polisi haifichi kitu.

"Théogène?" alisema. "Weye njo Théogène yetu?"

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kuvua kofia na kumwambia karani kwamba huyu ni mama yangu, sheria ya chale hainiruhusu. Ningefungwa, ningefukuzwa kazi, na Papa angerudishwa barabarani na jembe na mgongo ule. Ya pili mnaijua, maana ndiyo watu hunisifia upole. Niliingia ndani, nikatoa vyungu vyake kimoja kimoja, nikavipanga kwenye majani. Nikatoa mkeka, kikapu, msalaba wa ukutani. Sikupaza sauti. Karani aliandika kwamba kazi imekwisha bila fujo.

Mama Valérie alihamia kibanda kimoja karibu na kanisa. Mvua zilizofuata alipata kikohozi, akafa. Padri ndiye aliyemwandikia Albert. Mimi nilikaa na kalamu mkononi mara nyingi, nikaiweka chini mara hizohizo.

Alikuja mwaka 1957, Jumanne, ndani ya ndege yenyewe, akiwa fundi msaidizi. Nilikuwa zamu uwanjani. Aliteremka amevaa ovaroli safi, amekonda, na nilipomwita hakugeuka mpaka nilipomgusa bega. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa kwa kelele za injini, sikio lile lililoisikia ndege kabla yetu sote. Tulikumbatiana. Rubani alisema watashusha mizigo kwa saa mbili. Tukakaa chini ya bawa, kivulini, mimi upande wake wa kulia.

Tuliongea habari za wake na watoto. Mwishowe nikashindwa kujizuia, nikauliza swali nililolibeba miaka mitano, nikitaka angalau nione furaha yake.

"Na ndege, kaka? Unaipenda?"

Alikwaruza udongo kwa kidole.

"Miye? Ninaiogopa. Kila mara inaruka, ninafunga macho." Akanigeukia. "Nilitaka polisi, kaka. Shemeji ya Mama alikuwa anaanza kumusumbua tangu zamani. Ningekuwa na kofia, hangegusa hata mugomba moja. Lakini Papa yako alikuwa na mugongo ule. Nikasema, Théogène anahitaji polisi, nimuachie."

"Lakini ulikuwa unafuta bawa..."

"Nilikuwa naiaga. Nilijua nikikosa polisi, nitarudi kulima kwetu. Lakini weye ulinipa ndege, na kitu ya ndugu wa chale haukikatai."

"Albert! Miye nilitaka ndege. Nilikuwa naiota. Kwa nini haukusema?"

"Na weye, kwa nini haukusema?"

Wapakiaji walipita na magunia, tukawapisha miguu. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga mtu, na mtu wa kupigwa alikuwa mimi. Neno moja tu mtoni Lowa! Yeye angebaki na masikio yake na mama yake. Mimi ningekuwa ndani ya ovaroli ile, mikono imejaa grisi, nikiimba. Hata Papa angekuwa salama, maana ndugu wa chale akiwa polisi, Papa yangu ni Papa yake. Hilo hatukuliona, wote wawili, na tulikuwa vijana waliosoma.

Rubani alipiga mluzi. Albert alisimama, akajipangusa udongo, lakini hakuondoka.

"Batu ba Pinga bananiambia kulikuwa polisi siku ile," alisema. "Hawakujua jina yake."

Nilivua kofia. Alinitazama usoni kwa muda, na nikaona anavyoelewa, pole pole, mpaka mwisho. Hakurudi nyuma wala hakunyanyua mkono. Aliniuliza jambo moja tu.

"Mama alilia?"

Ningetoa kila kitu nilichonacho sheria ya chale iniruhusu kumdanganya.

"Hapana," nikamwambia. "Alinishika mukono. Alisema, 'Mungu aksanti, wamenitumia mutoto wangu. Mwingine angevunja vyungu.'"