Kwa Hiari ya Nani

Anastazia alikwishatafsiri mirathi, hati za viwanja na kesi za mipaka, lakini ulimi haukuwahi kumkauka kama siku ile mbele ya baraza la ardhi, Tanga. Kwenye benchi la nyuma alikaa mama yake mdogo, Devota, pamoja na majirani zake, watoto na wajukuu wa manamba waliokata mkonge kwenye shamba moja la njia ya Moa. Kampuni iliyolinunua shamba hilo ilitaka waondoke. Trekta lilikuwa tayari limeegeshwa kando ya mihogo yao, likisubiri neno la baraza.

Kabla ya kuapishwa, Anastazia alisema wazi kwamba Devota ni mdogo wa mama yake. Pande zote zilimkubali hivyo hivyo. Mkataba wa shamba uliandikwa enzi za mkoloni kwa Kiingereza cha kale, cha wakati ule mwenye ardhi alipokuwa bwana na mlimaji akawa mtu wake, na wanaokielewa hawapatikani ovyo.

Wakili wa wanakijiji, Tahiri, akasimama na karatasi mkononi.

"Tenants at will," alisoma. "Wapangaji kwa hiari. Mheshimiwa mwenyekiti, watu hawa wanakaa kwa hiari yao wenyewe. Nani wa kuwatoa?"

Vigelegele vikapasuka nyuma. Devota alimtazama Anastazia huku akicheka, machozi yakimlengalenga.

Mwenyekiti akagonga meza. "Mkalimani, ndivyo?"

Anastazia alishika ukingo wa meza. Angeitikia tu, mambo yangeishia pale, na huenda hata wakili wa kampuni, Wilfred, asingebisha. Lakini alikuwa ameapa.

"Hapana, mheshimiwa. Hiari hiyo si ya mpangaji, ni ya bwana mwenye ardhi. Akipenda wakae, wanakaa. Akipenda watoke, wanatoka."

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Wamekununua!" Devota alijivutia kanga usoni.

Wilfred alikwishaanza kufunga jalada lake. "Basi, mheshimiwa, tumemaliza."

"Sijamaliza kutafsiri," alisema Anastazia. "Sentensi inaendelea. Inasema wanaondoka, isipokuwa *emblements* zao zinabaki kuwa zao."

"Neno la makumbusho hilo! Halina kazi leo."

"Kama lina kazi au halina, nitaamua mimi," mwenyekiti alimkata. "Mkalimani, maana yake?"

"Ni mazao aliyoyapanda mpangaji kwa jasho lake. Bwana akimtoa kabla ya mavuno, mpangaji ana haki ya kurudi, kuyahudumia na kuyavuna. Bwana hana ruhusa ya kuyapitishia trekta wala kumzibia njia."

"Na nyumba zao?" mwenyekiti akauliza.

"Hazimo."

"Minazi?"

Minazi ya Devota ilipandwa na marehemu mama yake, bibi yake Anastazia.

"Haimo, mheshimiwa. Ni mazao ya kupanda na kuvuna msimu huo tu, si miti ya kudumu."

Alasiri baraza likatoa uamuzi: ardhi ni ya kampuni, ila trekta lisiguse shamba mpaka mihogo na mahindi yavunwe.

Nje, Anastazia alimfuata mama yake mdogo. "Shikamoo, mama."

Devota hakuitikia. Alitembea hadi penye bajaji, ndipo akageuka.

"Mihogo yangu bado michanga."

"Wataiacha mpaka ikomae."

"Na ikishakomaa, mimi nitalala wapi?"

"Kwangu, Ngamiani. Chumba kipo."

"Ungeitikia tu, Ana. Neno moja tu."

"Nisingeweza, mama."

Devota akapanda bajaji, akaondoka bila kuaga.

Trekta liliondolewa kesho yake. Miezi ilipita, mihogo ikavunwa, na siku moja Devota akafika Ngamiani na magunia mawili, godoro na kuku watatu. Hakuitaja kesi. Aliuliza tu jiko liko wapi, akakaa kumenya mihogo. Majirani wengine wa kule shambani hawajamsalimia Anastazia mpaka leo.