Kiingilio Kibaba cha Mahindi

Njaa ilipoingia Ugogo, bendi yetu ya Temeke iliandaa dansi la msaada, kiingilio kibaba cha mahindi. Wakulima wa vijiji vya jirani walimiminika, magunia yakajaa, nami nikapuliza tarumbeta hadi mashavu yakauma. Kisha Filomena, mwimbaji wetu, akachota mahindi kiganjani. Yalikuwa meusi kwa masizi.

"Haya yalitundikwa juu ya mafiga," akasema. "Ni mbegu hizi."

Nikawafokea wachezaji, "Nyie mna wazimu? Mtapanda nini?"

Bibi mmoja akacheka, hakuacha kucheza. "Tupande kwa mvua ipi?"

Ulikuwa mwezi wa nne, katikati ya masika, na juu hapakuwa na wingu hata moja.

"Wewe piga tu, mwanangu," akasema. "Mwakani Wagogo watatupigia sie."