Pua Yangu na Moshi wa Damaris

Sikumpenda Damaris tangu siku aliyoshusha matofali yake karibu na nyavu zangu, na sitaki mtu anielewe vibaya akimaliza kusoma haya: bado simpendi.

Ufuo wetu uko upande wa Karungu, Ziwa Victoria, na kazi yangu hapo ilikuwa kunusa. Kikundi chetu cha akina mama hununua omena, wale dagaa wadogo wa ziwa, kutoka kwa boti za kisiwa cha Remba, tunazianika juu ya nyavu, tunazipakia kwenye magunia, kisha mimi ndiye nilikuwa natoa hukumu. Nilikuwa nakunja mkono wa gauni na kuutumbukiza hadi kiwiko katikati ya gunia, kwa sababu juu kila mtu huweka omena nzuri. Natoa konzi moja, naisugua kati ya viganja, nainusa. Omena iliyokauka kwa jua mara moja ina harufu yake. Iliyonyeshewa ikaanikwa tena ina harufu nyingine, hata kama kwa macho inang'aa vilevile. Ya kwanza inaenda kwa watu, ya pili inaenda kusagwa chakula cha kuku. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa nasema neno moja tu, "watu" au "kuku", na wanunuzi kutoka Kisumu wanashona magunia bila kuuliza la pili. Hakuna mwanamke mwingine pale ufuoni ambaye madereva wa malori walikuwa wanamuulizia kwa jina.

Basi mwaka jana mwezi wa Aprili pua ikaziba. Nilidhani ni mafua ya mvua, nikayangoja yaishe. Wiki tatu zikapita nikilala mdomo wazi. Nikaenda Migori mjini kwa duka la dawa la Fardowsa, mama mmoja wa maneno machache, akaniuzia kichupa cha matone ya pua. Alinieleza vizuri kabisa, siwezi kumsingizia. Alisema siku tatu, zikizidi sana tano, kisha niache hata kama pua bado imeziba, nikamwone daktari. Akaandika kwa kalamu nyekundu juu ya boksi: SIKU 5. Nikatoka nje nikatia matone mawili kila tundu, na kabla sijafika steji pua ilikuwa wazi. Nilinusa mandazi, petroli, na jasho la makanga wa matatu. Nikalitupa boksi la Fardowsa mtaroni, nikabaki na kichupa.

Siku tano zikawa mwezi. Dawa ikiisha nguvu, pua inafunga kuliko mwanzo, naongeza. Kufikia Juni nilikuwa natia mara sita kwa siku. Nilinunua mjini Sori, nikanunua Migori, nikanunua hata Homa Bay, na sikurudi duka moja mara mbili kwa mwezi mmoja ili nisiulizwe maswali. Kichupa nilikifunga kwenye pindo la leso, kiunoni. Kabla ya kuitwa kwenye magunia nilikuwa napita kwanza nyuma ya choo, nainua kichwa, natia, nafuta macho, narudi kama mtu aliyekwenda haja yake.

Jambo ambalo sikumwambia mtu ni kwamba hewa ilikuwa inapita lakini harufu haipiti. Ilipungua polepole mpaka ikaisha kabisa. Nikaanza kuhukumu kwa rangi, kwa mlio wa omena ikivunjika kiganjani, na kwa uso wa aliyeniletea gunia. Kama nyuso zetu zingekuwa za kuaminika, ningemaliza mwaka salama.

Damaris alikuja mwezi huo wa Juni. Ni Mkuria, ameolewa na mvuvi wa hapa kwetu, na wanawake walimwita nyar Kuria, binti wa Kuria, hata mbele yake. Alijenga tanuri la kukaushia samaki wa mbuta kwa moshi, hatua kumi na nane hivi kutoka kwa nyavu zangu. Anacheka kwa sauti, anasalimia akitaka, na siku moja aliniuliza mbele ya watu kama naumwa. Nikamwambia ageuze samaki wake wasiungue.

Novemba lori likarudi na magunia sita. Mnunuzi hakutukana, alishusha tu, akafungua moja, akarudi nyuma. Wanawake walifunika pua kwa leso. Mtoto aliyekuwa mgongoni kwa mama yake alianza kulia. Mimi nilikunja mkono wa gauni kama kawaida, nikatumbukiza hadi kiwiko, nikaleta konzi usoni, nikavuta. Hakuna kitu. Ni kama nilikuwa nimeshika mchanga. Niliendelea kuvuta watu wakiniangalia.

Mourine, msichana niliyemfundisha mwenyewe jinsi ya kusugua konzi, akaniuliza polepole, "Mama, kweli husikii harufu?"

Hapo ndipo nilipoinua mkono nikaonyesha moshi.

Kamati ya ufuo ilikaa asubuhi iliyofuata, mwenyekiti wetu Elkana akiwa kwenye kiti chake cha plastiki. Nilieleza kwamba tangu tanuri lile lijengwe sijapata kupumua, kwamba moshi umeniharibu pua, na kwamba hasara ya magunia sita ni ya tanuri. Niliongea vizuri siku hiyo. Moshi kila mtu alikuwa ameuona, na kila mtu ulikuwa umemtoa machozi angalau mara moja, kwa hiyo vichwa vilitikisika vyote. Ugonjwa wenye sura ni rahisi kuuamini.

Damaris alisimama akiwa bado na masizi mikononi. "Mama Zablon, mimi nilikuja hapa mwezi wa sita," akasema. "Wewe pua yako ilikuwa imeziba tangu mwezi wa nne, mume wangu aliniambia. Si uambie hawa watu ukweli?"

Nikamjibu kwamba mtu wa kuja hawezi kunifundisha historia ya pua yangu. Watu wakacheka. Damaris hakucheka. Aliangalia kiuno changu, pale pindo la leso lilipofungwa, akaangalia muda mrefu kiasi kwamba niliweka mkono hapo. Kisha akaketi. Kwa amri ya kamati tanuri lilivunjwa kwa jembe kabla ya saa nne, na mimi nilisimama pale kuona tofali la mwisho likianguka. Nilifurahi, na siombi radhi kwamba nilifurahi, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimeanza kuyaamini maneno yangu mwenyewe.

Baada ya siku chache nikasikia amekwenda machimbo ya Macalder kuponda mawe ya dhahabu. Nikasema ni sawa, huko hakuna nyavu za mtu.

Wiki mbili zikapita bila moshi. Pua ilikuwa imeziba vilevile. Mourine akaanza kutumbukiza mkono kwenye gunia baada ya mimi kutoa wangu, kimya kimya, kama anayejifunza tu. Nikajua zimebaki siku chache kabla mtu hajasema kwa sauti. Nikadanganya kwamba naenda kuzika, nikaenda kwa daktari wa pua na koo huko Homa Bay.

Daktari Okari alinimulika tundu moja, akamulika la pili, akauliza kuhusu vumbi, kupiga chafya, moshi, kama usaha unashuka kooni, kama uso unauma. Kisha akauliza kama natumia matone ya pua. Nikasema hapana.

"Mama, wewe ni wa tatu leo na saa sita haijafika," akasema. "Fungua hiyo leso."

Nilifungua. Alikiinua kichupa, akakitikisa kusikia kilichobaki, akaniuliza tangu lini. Nilipomwambia Aprili alikiweka mezani kwa kishindo. Alinisema kama anayemkemea mtoto, mimi niliyezaa wanne. Akasema huenda kilichoanza kuniziba ni vumbi la omena lenyewe, ule unga wa magamba na ukungu unaopaa tukizigeuza, ambao pua huweza kuuvumilia miaka mingi kisha siku moja ikaukataa. Hilo lingetibika mapema. Lakini matone yale hubana mishipa midogo ya damu ndani ya pua, njia ikafunguka. Nguvu ikiisha, mishipa inavimba kupita ilivyokuwa, mtu anaongeza, inavimba tena. Alikuwa ametafuta vinyama vya ndani ya pua na hakuviona, na mfupa wa katikati ulikuwa umenyooka. Moshi ungeweza kunichokoza, akasema, lakini si moshi uliofanya alichokiona mle ndani.

Nikamwomba basi aniandikie barua kwamba ni moshi.

Alinitazama. "Niandike uongo kwa karatasi ya hospitali, juu ya moshi wa mtu?"

Aliniandikia dawa nyingine ya kupuliza kila asubuhi, akanionya kwamba haifunguki papo hapo na nisije nikaitupa kwa sababu hiyo. Niache matone tundu la kushoto kwanza, na baada ya wiki moja la kulia. Nioshe pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Nivae barakoa nikigeuza omena. Nikauliza kama harufu itarudi. Akasema labda, akaita mgonjwa mwingine.

Sitaeleza wiki zile. Aliyewahi kulala ameketi, amekumbatia mto, akikiwaza kichupa kilichomo kabatini, anajua. Siku ya tatu nilikitoa nikakirudisha. Siku ya kumi na mbili tundu la kushoto likaanza kupitisha hewa lenyewe. Katikati ya Januari, nikiwa nakuna nazi ya kumpikia mgeni wangu, ilinijia harufu, hafifu, halafu ikakolea. Ilikuwa nazi. Nililia juu ya mbuzi ya kukunia kama mtu aliyefiwa.

Kesho yake niliingia ghalani peke yangu. Magunia kumi na moja yalikuwa yamepangwa, yote nilikuwa nimeyaita "watu" kabla ya kwenda Homa Bay. Sikuhitaji kutumbukiza mkono. Manne yalikuwa yameoza, na harufu ilinisukuma mpaka mlangoni.

Nikaenda Macalder. Damaris alikuwa ameketi kando ya rundo la mawe, nyundo mkononi, mweupe kwa vumbi kuanzia kope hadi vidole vya miguu. Alikuwa anapumua kwa mdomo. Alipoongea nilisikia sauti yangu mwenyewe ya mwaka jana, ya pua iliyoziba.

"Umekuja kunusa mawe?"

Nikamwambia pua yangu imefunguka. Akasema vizuri, akavunja jiwe. Nikamuuliza kama alijua.

"Nilikuwa nakuona nyuma ya choo. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane. Unainua kichwa hivi." Akainua kichwa chake, akanionyesha.

"Na mbona hukusema pale kwa mkutano?"

"Ningesema, wangekunyang'anya kazi hapo hapo. Nikasema wacha aseme mwenyewe. Nilikuangalia nikingoja. Nilingoja mpaka jembe likainuliwa." Akachagua jiwe lingine. "Sasa toka kwa hili vumbi, Mama Zablon. Utaziba tena na utasema ni mimi."

Nilikuwa nimebeba maneno ya kumwambia arudi, nikayaacha. Nilimwachia barakoa mbili juu ya rundo, nikaondoka bila kuangalia kama amezichukua.

Jumatatu kikundi kilipokusanyika niliweka kichupa juu ya mzani wa omena mbele ya Elkana na akina mama wote, nikasema. Nilisema Aprili, nilisema nyuma ya choo, nilisema rangi na mlio, nilisema magunia manne ghalani. Nilipomaliza Elkana alikohoa akasema Damaris atatumiwa ujumbe. Kisha Mourine akakunja mkono wa gauni lake, akaenda kwenye gunia la kwanza, akatumbukiza hadi kiwiko.

"Kuku," akasema.

Nilikuwa nimeshalinusa nikiwa nimesimama kule nyuma. Alikuwa sahihi. Nilitikisa kichwa kukubali, lakini hakuna aliyekuwa ananiangalia mimi.

Siku hizi nageuza omena na wengine, na barakoa usoni. Damaris alirudi Februari. Hakunisalimia. Alijenga tanuri jipya, na akalisogeza karibu zaidi na nyavu zangu. Nimezipima hatua, ni kumi na moja. Pua yangu inafanya kazi kama ya msichana, na mafuta ya mbuta yakidondoka motoni moshi unakuja moja kwa moja kwangu, hata kupitia barakoa. Unanuka vibaya, unanikalia mpaka kwenye nguo za kanisa. Juzi Elkana alipita akasimama kati yetu, akaniuliza kama moshi unanisumbua, akasema kamati inaweza kuangalia tena. Damaris alikuwa ameinama anageuza samaki. Mkono wake ulisimama.

Nikamwambia Elkana sisikii kitu.