Kipimo cha Pumzi za Punda wa Bimdogo

Usiniambie punda ni mnyama tu. Kwanza nenda Makote, Newala, ukapande ule mteremko na debe la maji kichwani, ndipo tuzungumze. Enzi za vita vya Msumbiji, Bimdogo, mjane mwenye magoti mabovu, alipandishiwa maji yake yote na punda mmoja. Sasa punda huyo anakohoa na kuhema mpaka mbavu zinahesabika. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Alfani, akaja na bunduki ya mgambo kumpiga risasi. Punda wengine walibeba unga wa wapigania uhuru, huyu asije akawaambukiza.

"Nipe nafasi nimpime kwanza, mzee wangu," alisema Ambakisye, bwana mifugo kijana kutoka Mbeya.

Alipitisha puani mwa punda mrija mwembamba wenye kipira nchani, ukashuka hadi kwenye umio, kifuani kando ya mapafu, akauunganisha na mrija wa kioo wenye maji. Punda akivuta pumzi, maji yanaruka. Akitoa, yanarudi kwa nguvu.

"Hivyo ndivyo anavyopigania hewa," alisema. "Namchoma sindano ya kupanua njia za pumzi. Maji yakitulia, ni pumu, haiambukizi."

"Yasipotulia?"

Ambakisye aliitazama bunduki.

Akamchoma, wakasubiri. Maji yakaruka, yakaruka tena. Bimdogo, kamba mkononi, alimaliza dua zote alizofundishwa, akaanza kutunga zake.

"Bimdogo, tusidanganyane," alisema Alfani, akiinua bunduki.

"Bado kidogo, mzee," alisema Ambakisye.

Ndipo maji yakaanza kupungua kuruka, mwisho yakawa yanatikisika tu.

"Ni pumu ya vumbi," alisema Ambakisye. "Mama, analala wapi?"

"Ghalani kwangu. Tangu ndege za Wareno zianze kupita namfungia ndani, namtandikia majani ya karanga."

"Yameota ukungu, mama. Vumbi lake ndilo linalomziba. Akirudi humo, sindano haitamfaa kitu. Alale nje, penye upepo."

Bimdogo aliketi chini. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Kila alipomsikia akihema, alimwongezea majani apate kulala vizuri. Uchungu ulimshika, akalia bila kujificha.

"Nje kuna fisi," alisema Alfani, sauti imemlainika. "Watamla wiki hii hii."

Bimdogo alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Basi nisaidieni kutoa kitanda changu," alisema. "Fisi akija, atanikuta mimi kwanza."